Kasuku: Ndege, Neno na Watu Wanaoiga

Katika Kiswahili, mtu anayerudia maneno ya wengine bila kuyapima wala kuyaelewa huitwa kasuku. Jina ni la ndege, na ndege huyo anasifika kwa jambo moja kuliko yote: huiga sauti ya binadamu, kilio cha mtoto au mlio wa simu hadi mtu akageuka kutazama ni nani aliyemwita. Lugha ikalichukua jina hilo ikawavisha watu. Huitwa kasuku mwanafunzi anayetiririsha maelezo ya kitabu neno kwa neno lakini akakwama akiombwa mfano mmoja. Huitwa kasuku msemaji anayetamka kauli ya mkubwa wake bila kubadili hata koma, na mtu anayesambaza habari aliyoisikia kijiweni kana kwamba aliishuhudia.

Neno lenyewe halibadiliki katika wingi. Liwe linataja ndege au mtu, hufuata upatanisho wa viumbe hai: kasuku huyu, kasuku hawa, kasuku wengi. Kutokana nalo kumezaliwa "kikasuku", linaloeleza namna ya kutenda, kama katika kusoma kikasuku au kujibu kikasuku. Na "ukasuku", yaani tabia yenyewe. Nchini Kenya jina hilo limepanda pia kwenye bidhaa, kama vile mafuta ya kupikia na madaftari ya shule, na huko halina kejeli yoyote.

Uzito wa neno hutegemea linavyotumiwa. Kusema "anakariri kama kasuku" ni kulilaumu tendo. Mtu huyo huyo kesho anaweza kusoma vizuri zaidi. Kumwita mtu "kasuku" moja kwa moja ni kuihukumu akili yake yote. Kali kuliko zote ni "kasuku wa fulani", kwa sababu hapo anatajwa mwenye sauti. Anayeitwa hivyo anaambiwa kwamba hana lake la kusema, na kwamba anayetaka kujibizana naye heri amwendee bwana wake.

Maneno yanayokaribiana nalo

Kiswahili kina maneno mengi ya watu wanaofuata wengine, na kila moja lina shabaha yake. Mwigaji ni jina la jumla. Mtu anaweza kuiga mavazi, mwendo, mapishi, biashara au sauti, na kitenzi kuiga peke yake hakisemi kama jambo hilo ni zuri au baya. Mwigizaji ni mtu wa jukwaani au wa filamu, ambaye kuiga ndiyo kazi yake na watazamaji wanalijua hilo tangu mwanzo. Anayenakili huchukua maandishi au kazi ya mtu mwingine. Wanafunzi wa Tanzania huita tendo la kunakili majibu kudesa.

Yako pia majina ya mafumbo. Bendera fuata upepo ni mtu anayegeuka kila wakubwa wanapogeuka. Kinyonga hubadili rangi, na lawama yake ni ya kukosa msimamo. Chiriku ana maneno mengi, lakini maneno hayo huenda yakawa yake mwenyewe. Kasuku hutofautiana na wote hao. Haulizwi amebadilika mara ngapi wala anazungumza kwa wingi gani. Anachoshutumiwa ni kwamba sauti imetoka na maana haimo. Ndiyo maana kijana anayeiga mtindo wa nywele wa msanii haitwi kasuku, lakini akianza kutamka misemo ya msanii huyo asiyoielewa, jina linamfaa mara moja.

Methali maarufu ya kuiga ina lawama nyingine kabisa. "Ukimwiga tembo kunya utapasuka msamba" ni onyo kwa anayejaribu jambo lililozidi uwezo wake, mathalani mwenye kipato kidogo anayefanya harusi ya tajiri. Tatizo la mtu huyo ni nguvu. Tatizo la kasuku ni uelewa.

Ndege aliyetoa jina

Duniani kuna zaidi ya aina 350 za ndege wa jamii ya kasuku. Aliyeipa jamii hiyo sifa ya kusema ni hasa kasuku wa kijivu wa Afrika, ambaye jina lake la kisayansi ni Psittacus erithacus, alilopewa na mtaalamu wa viumbe Carl Linnaeus mwaka 1758. Ana urefu wa takriban sentimita 33, uzito wa gramu 400 hivi, mwili wa kijivu na mkia mwekundu. Makazi yake ni misitu inayoanzia Ghuba ya Guinea, ikapita bonde la Congo hadi Uganda, magharibi mwa Kenya na pembe ya kaskazini-magharibi ya Tanzania. Katika misitu ya pwani ya Afrika Mashariki yupo kasuku mwingine, mdogo, wa kijani na mwenye kichwa cha rangi ya kahawia, lakini huyo hasifiki kwa kusema.

Ndege hana midomo laini wala meno, na sauti yake haitoki pale inapotoka ya binadamu. Kiungo cha sauti cha mtu kipo juu, kooni. Cha ndege kipo chini kifuani, mahali ambapo bomba la pumzi linagawanyika kuelekea mapafu mawili. Kasuku ana nyongeza muhimu: ulimi mnene unaosogea na kuiunda sauti inapopita mdomoni.

Hata hivyo kilicho adimu zaidi ni ubongo wa kujifunza sauti. Wanyama wengi huzaliwa na milio yao. Jogoo aliyelelewa peke yake, bila kusikia jogoo mwingine hata siku moja, atawika tu. Uwezo wa kusikia sauti ngeni, kuihifadhi na kuitoa upya unapatikana katika makundi machache: kasuku, ndege waimbaji na ndege wavumaji miongoni mwa ndege, na binadamu, nyangumi na pomboo, popo, sili na tembo miongoni mwa wanyama wanaonyonyesha.

Kasuku huutumia uwezo huo kujenga undugu. Porini huishi kwa makundi, na sauti ndiyo inayowaunganisha. Utafiti uliochapishwa mwaka 1993 ulieleza kuwa kasuku wa kijivu waliorekodiwa katika misitu ya Congo waliiga sauti za ndege wengine na hata ya popo, bila binadamu kuwafundisha. Anayefungwa nyumbani hana kundi, kwa hiyo watu wa nyumba ile huwa ndio kundi lake, na maneno yao ndiyo anayojifunza.

Si yeye tu anayeiga kwa manufaa. Mlamba, ndege mweusi mwenye mkia uliogawanyika, hujulikana kwa hila katika jangwa la Kalahari. Huiga mlio wa hatari wa wanyama wengine, na wanapokimbia wakaacha chakula, hukichukua. Wakizoea mlio mmoja na kuacha kuuamini, hubadili mwingine. Nchini Kenya, watafiti walimwelezea tembo jike kijana aitwaye Mlaika, aliyelelewa pamoja na mayatima wenzake huko Tsavo karibu na barabara kuu ya Nairobi hadi Mombasa. Baada ya jua kutua alitoa muungurumo unaofanana na wa malori yanayopita mbali. Habari zake zilichapishwa mwaka 2005 na zikawa miongoni mwa ushahidi wa mwanzo kwamba tembo hujifunza sauti.

Je, kasuku haelewi?

Lawama iliyomo ndani ya neno imejengwa juu ya dhana kwamba ndege huyu hana maana yoyote kichwani. Dhana hiyo ilitikiswa na kasuku mmoja aitwaye Alex. Mwanasayansi wa Marekani Irene Pepperberg alimnunua mwaka 1977 katika duka la wanyama mjini Chicago na kufanya naye kazi kwa miaka 30, hadi Alex alipokufa Septemba 2007.

Pepperberg hakumfundisha kwa kumrudishia neno moja mara elfu. Watu wawili walikaa mbele ya ndege. Mmoja alishika kitu na kuuliza ni nini. Wa pili alijibu, na akijibu sawa alipewa kitu kile kile. Akikosea alinyimwa. Kisha wakabadilishana nafasi, na Alex akaingia kwenye mazungumzo akigombea kitu hicho. Hivyo neno lilifungamana na kitu, na kitu kikafungamana na haja ya kukipata.

Kwa njia hiyo Alex alijifunza majina ya vitu takriban 50, rangi saba, maumbo matano na idadi hadi sita. Alipoonyeshwa vitu viwili na kuulizwa vinatofautiana katika jambo gani, aliweza kusema ni kwa rangi, kwa umbo au kwa malighafi yake, hata kama vitu hivyo hakuwahi kuviona kabla. Haimaanishi kwamba alizungumza kama mtu. Inamaanisha kwamba kasuku aliyefundishwa kwa maana hushika kiasi cha maana, na aliyefundishwa kwa sauti tupu hubaki na sauti. Aliyemfundisha ana sehemu kubwa katika matokeo.

Sifa ya kuiga imemgharimu ndege huyu. Kwa miongo mingi amenaswa porini ili auzwe kama ndege wa kufugwa, huku misitu yake ikikatwa. Nchini Ghana, utafiti uliochapishwa mwaka 2016 ulionyesha kwamba idadi yake imepungua kwa asilimia 90 au zaidi tangu mwanzoni mwa miaka ya 1990. Mwaka huo huo, mkutano wa CITES, mkataba wa kimataifa unaosimamia biashara ya viumbe walio hatarini, ulifanyika Johannesburg na kumweka katika orodha ya ulinzi mkali kabisa. Tangu mwaka 2017 biashara ya kimataifa ya kasuku wa kijivu walionaswa porini imepigwa marufuku.

Binadamu huiga kuliko sokwe

Watu hudhani kwamba kuiga bila kufikiri ni tabia ya wanyama. Jaribio moja lililowahusu sokwe wa kisiwa cha Ngamba, katika sehemu ya Uganda ya Ziwa Victoria, lilionyesha kinyume. Watafiti Victoria Horner na Andrew Whiten walichapisha matokeo yake mwaka 2005. Walikuwa na sanduku lenye chakula ndani. Mtu alionyesha jinsi ya kukitoa: kwanza alichokoa kwa kijiti katika tundu la juu, jambo lisilosaidia chochote, kisha akafungua mlango wa mbele na kukitoa chakula.

Sanduku lilipokuwa halionyeshi ndani, sokwe waliiga hatua zote. Lilipokuwa la kuonyesha ndani, waliona kuwa tundu la juu halifiki kwenye chakula, wakaiacha hatua hiyo na kwenda moja kwa moja mlangoni. Watoto wa Uskoti wa umri wa miaka mitatu na minne waliiga kila hatua katika masanduku yote mawili, hata ile waliyoweza kuona kuwa haina kazi.

Matokeo hayo si aibu kwa mtoto wa binadamu. Maarifa mengi ya watu yana hatua ambazo sababu yake haionekani kwa macho. Muhogo mchungu una sumu aina ya sayanidi. Jamii zinazoutegemea huumenya, huuloweka kwa siku kadhaa, huuanika kisha huutwanga, na msichana au mvulana anayefundishwa kazi hiyo na bibi yake haelezwi kemia. Akijiona mwerevu akaruka hatua ya kuloweka, mwili utalipa. Ugonjwa wa konzo, unaopoozesha miguu ghafla, umezuka Congo, Msumbiji na Tanzania, hasa wakati wa njaa au vita, watu walipokula muhogo usioandaliwa vya kutosha kwa muda mrefu. Mtoto anayeiga kila hatua kwanza na kuuliza baadaye yuko salama kuliko anayekata njia.

Kwa hiyo kuiga bila kuelewa kuna mahali pake, napo ni mwanzoni. Lugha ya kwanza ya kila mtu ilianza hivyo. Mtoto hutamka kabla ya kujua, na maana huja kuikuta sauti ikiwa tayari mdomoni. Kosa ambalo neno kasuku linalilenga ni kubaki mwanzoni baada ya wakati wa kuendelea kufika.

Darasani

Shuleni ndiko neno hili linakosikika sana. Kenya na Tanzania zote zimehamia mitaala inayolenga umilisi, yaani kile mwanafunzi anachoweza kufanya kwa alichojifunza, na lawama kubwa iliyoelekezwa kwa mitaala ya zamani ni kwamba ilizaa wanafunzi wa kukariri. Lakini kukariri na ukasuku si kitu kimoja. Anayekariri jedwali la kuzidisha anajipa chombo cha kutumia maisha yake yote. Mtoto wa madrasa anayehifadhi Kurani katika Kiarabu asichokizungumza hupewa heshima, na akimaliza huitwa hafidhi. Kwa jamii yake usomaji wenyewe ni ibada, na mwalimu anajua kwamba baada ya kuhifadhi kuna tafsiri.

Kinachotenganisha kukariri kwenye faida na ukasuku ni swali linalofuata. Mwanafunzi akisema maji huchemka kwenye nyuzi 100, jibu lake ni sahihi, lakini bado haijulikani kama ameelewa. Akiulizwa kwa nini wapagazi wa Mlima Kilimanjaro hupata tabu kuivisha maharage kambini juu, aliyeelewa atafikiria hewa nyepesi ya juu na kusema kuwa huko maji huchemka kabla ya kufika nyuzi 100. Karibu na kilele huchemka kwenye nyuzi 80 hivi. Kasuku atarudia nyuzi 100. Mwalimu anayeuliza maswali yale yale kwa maneno yale yale kila mwaka hawezi kuwatofautisha wanafunzi hao wawili, na kwa kweli anamtuza asiyeelewa sawasawa na aliyeelewa. Kama ilivyokuwa kwa Alex, ukasuku wa mwanafunzi una mkono wa mwalimu ndani yake.

Katika sanaa

Sanaa ya Tingatinga ni mfano mzuri wa kuiga kunakozaa. Edward Saidi Tingatinga, mzaliwa wa Tunduru, alianza kuchora Dar es Salaam mwaka 1968 hivi kwa rangi za mafuta za kung'aa juu ya vipande vya mbao za dari. Wanyama na ndege wake walipendwa haraka. Akawachukua vijana wachache, wengi wao ndugu na watu wa kwao, wakajifunza kwa kuangalia mkono wake na kuurudia. Mwaka 1972 aliuawa kwa risasi ya polisi waliomdhania mhalifu, akiwa amechora kwa miaka minne tu.

Kama kuiga kungekuwa kurudia peke yake, sanaa hiyo ingekufa naye. Wanafunzi waliendelea, nao wakapata wanafunzi. Mwaka 1990 ukaundwa ushirika wa wachoraji hao huko Oysterbay, jijini Dar es Salaam. Baadhi yao walibaki wakitoa twiga na chui wale wale kwa ajili ya watalii, na hao wanastahili kuulizwa kilicho chao ni kipi. Wengine waliingiza soko, hospitali, mashetani, daladala na harusi, mambo ambayo Tingatinga mwenyewe hakuyafanya kuwa kazi yake. Walianza kwa mkono wa mwalimu, wakaishia na macho yao wenyewe, na jina la mtu mmoja likageuka kuwa jina la mtindo mzima.

Kasuku wa mashine

Mwaka 2021 jina la ndege huyu liliingia katika mjadala wa kompyuta. Watafiti Emily Bender, Timnit Gebru na wenzao wawili walichapisha makala iliyozifananisha programu kubwa za lugha na kasuku wa kubahatisha. Programu hizo husomeshwa maandishi mengi mno, kisha hutabiri neno gani linaelekea kufuata jingine. Hoja ya waandishi ilikuwa kwamba sentensi inaweza kutoka ikiwa safi kabisa bila kuwapo nyuma yake anayekusudia kusema jambo, na kwamba msomaji ndiye anayeitilia maana. Wapo wataalamu wanaopinga, wakidai kwamba huwezi kutabiri vizuri kiasi hicho bila kujenga uelewa wa aina fulani. Mabishano hayo ni yale yale yaliyomzunguka Alex: sauti sahihi pekee si ushahidi tosha wa uelewa, wala si ushahidi wa kukosekana kwake.

Jinsi ya kulitumia neno

Neno kasuku lina kazi njema pale linapotumiwa kwa kipimo. Linafaa pale mtu anaposema asichoweza kukieleza kwa maneno mengine, asichoweza kukitolea mfano, na asichoweza kukitetea swali linapobadilika. Mambo hayo matatu yakikutana, jina limempata mwenyewe. Halimfai mwanagenzi aliye hatua ya kwanza, wala mtoto anayejifunza kusema, wala mtu aliyefikia kwa hoja zake hitimisho ambalo wengine wamekwisha kulifikia. Kukubaliana na watu si ukasuku. Halifai pia kutupwa kwa mpinzani ili kukwepa kumjibu, maana maneno yaliyorudiwa yanaweza kuwa ya kweli, na ukweli wake hupimwa kwa hoja hata kama msemaji ameyaazima. Anayetaka kujua kama mtu ni kasuku ana njia moja ya haki: amuulize swali jipya, kisha asubiri jibu.